Re: Nini kilikusukuma kuwa mwalimu?

Mkuu, umeuliza kama kuna aliyeingia ualimu kwa kupenda, au sote tulikosa alama za kozi nyingine. Mimi nilipenda. Mama alikuwa anauza samaki na hajui kusoma. Daftari la madeni nilimwandikia mimi. Jioni nikaanza kumfundisha herufi kwa majina ya wadaiwa wake, maana hayo alikuwa na hamu nayo kweli kweli! Siku aliposoma "Mama Asha 2,000" bila kusaidiwa, alicheka, akaninyang'anya kalamu. Ugonjwa ulianzia hapo. Hata Nyerere alifundisha Tabora na Pugu, akaacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya siasa, ila jina la Mwalimu halikumtoka. Mshahara? Huo tuufungulie uzi wake.