Mwanangu, kuhusu Pertini na mama yake

Kwako mwanangu,

Salaam nyingi. Sisi huku hatujambo, baba yako anakusalimu sana. Barua yako nimeipata. Unasema mwenzako wa kazini huko Genoa alikusomea barua ambayo Sandro Pertini alimwandikia mama yake kutoka gerezani mwaka 1933, ukachukia. Unaniuliza: mtu aliyemkaripia mama mzazi kwa sababu tu alimwombea msamaha, Waitaliano wanampendea nini hata wakampa urais? Na mimi kama mama naonaje?

Kwanza ujue alifikaje gerezani. Pertini alizaliwa mwaka 1896 huko Stella, kijiji cha milimani juu ya Savona, si mbali na unakoishi. Kwao hawakuwa na dhiki. Alisomea sheria, akapigana Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia akiwa ofisa kijana, akarudi na kujiunga na wasoshalisti. Mafashisti wa Benito Mussolini waliposhika nchi, hakunyamaza. Mwaka 1925 walimfunga kwa kuchapisha karatasi ya kuulaani utawala wao. Desemba 1926 alipanda motaboti usiku kutoka pwani ya Savona, yeye na wenzake wachache, wakamvusha Filippo Turati, mzee wa wasoshalisti wa Italia, mpaka kisiwa cha Corsica. Ilikuwa hatari, bahari imechafuka na polisi wanamtafuta mzee yule kila mahali.

Ufaransa aliishi kwa jasho lake. Wakili huyu aliosha magari, akabeba zege, akapaka rangi nyumba za watu. Shamba alilokuwa nalo kwao aliliuza, fedha akanunulia mitambo ya redio ya siri ili apate kuwasemesha wenzake wa Italia. Mwaka 1929 akarudi nyumbani kwa pasipoti ya jina lingine. Fashisti mmoja wa Savona aliyemjua sura akamwona barabarani Pisa, wakamkamata. Mahakama Maalumu ya Mussolini ikampa miaka 10 na miezi 9.

Alianzia kisiwa cha Santo Stefano, mapafu yakaugua, akahamishiwa gereza la Turi. Huko alimkuta Antonio Gramsci, kiongozi wa wakomunisti, wakawa marafiki japo vyama vyao vilikuwa havielewani hata kidogo. Kisha akapelekwa Pianosa, kisiwa kingine walikowekwa wafungwa wagonjwa wa kifua. Ni hapo mama yake, Maria Muzio, alipoandika kuomba mwanawe asamehewe.

Mwanangu, ombi lile si kama mtu anayeomba dawa au blanketi. Kumwomba Mussolini msamaha kulikuwa ni kukiri kwamba Mussolini alikuwa na haki ya kukufunga. Na Pertini hakuwa peke yake mle ndani. Kulikuwa na wafungwa wengine wa siasa, wengi wao vibarua na mafundi, ambao familia zao nje zililala njaa, nao hawakuomba. Yeye, mwana wa nyumba yenye uwezo, atoke kwa hisani ya mtawala, awaache wale? Ndiyo maana aliiandikia Mahakama kwamba ombi la mama yake linamdhalilisha, halimo katika nia yake, na kwamba imani yake ya siasa anaijali kuliko uhai wake. Kisha akamwandikia mama yake ile barua iliyokuumiza. Isome tena taratibu. Anamuuliza amepata wapi moyo wa kufanya hivyo, lakini mle mle anasema anajizuia asimwage hasira yote kwa sababu ni mama yake, na hilo hapaswi kulisahau kamwe. Mimi nikifika hapo nasikia mtoto anayelia. Barua za kumpuuza mzazi haziandikwi hivyo.

Basi alibaki. Kutoka gerezani walimhamishia visiwani chini ya ulinzi, Ponza na baadaye Ventotene, na hata alipomaliza kifungo hawakumwachia. Mpaka Agosti 1943, Mussolini alipokwisha kuanguka, Pertini alikuwa hajapata uhuru kwa miaka 14. Hakupumzika. Septemba hiyo hiyo alishika bunduki Roma kuwazuia Wajerumani pale kwenye lango la Porta San Paolo. Oktoba wakamkamata, wakamhukumu kifo. Januari 1944 wenzake wakamtoa gereza la Regina Coeli kwa hati za kughushi, pamoja na Giuseppe Saragat, msoshalisti mwenzake. Aprili 1945 ni yeye aliyetangaza redioni mgomo mkuu Milano ilipoinuka dhidi ya Wanazi na mafashisti. Mwezi huo huo ndugu yake, Eugenio, aliuawa katika kambi ya Wanazi ya Flossenbürg. Mama yule alikuwa na sababu zote za kuwahofia wanawe.

Miaka ya bungeni naipita haraka: alikuwemo katika Bunge la Katiba, akawa Spika kuanzia 1968 hadi 1976. Urais aliupata Julai 1978 akiwa na miaka 81, katika duru ya 16 ya kura, kwa kura 832 kati ya 995. Nchi ilikuwa na majeraha, Aldo Moro, waziri mkuu wa zamani, ameuawa miezi miwili tu nyuma. Ikulu ya Quirinale hakuhamia, kwa kuwa mkewe Carla hakutaka. Alilala kwenye fleti yake karibu na chemchemi ya Trevi, asubuhi anakwenda kazini.

Wengi watakusimulia alivyorukaruka uwanjani Madrid kwenye fainali ya Kombe la Dunia ya 1982. Sawa, lakini mimi nampendea alichofanya Irpinia. Tarehe 23 Novemba 1980 tetemeko liliua watu wapatao 3,000 kusini mwa Italia. Mzee yule akaenda mwenyewe, akatembea kwenye vifusi. Aliporudi alikaa mbele ya televisheni akawaambia Waitaliano wote kwamba saa 48 baada ya tetemeko kuna vijiji ambavyo msaada haujafika, na chini ya kifusi sauti za waliofukiwa bado zinasikika. Akauliza fedha zilizotengwa kisheria kwa maafa zimekwenda wapi. Mkuu wa mkoa wa Avellino akaondolewa kazini. Rais wa nchi ndiye aliyeishitaki serikali kwa wananchi! Hakuna aliyeweza kumwambia anyamaze, maana hakuwa na deni la hisani kwa mkubwa yeyote.

Sasa nikujibu nilivyo. Ningekuwa Maria Muzio, ningeliandika ombi lile, na ningeliandika mara ya pili. Mwanao anakohoa damu kisiwani, utafanyaje? Na ningekuwa Pertini ningelikataa. Sioni mmoja wao aliyekosa. Mama aliomba kwa niaba ya mwana mmoja, mwana alikataa kwa niaba ya watu wengi, na kila mmoja alifanya lililo lake.

Mwambie mwenzako akutafutie na ile barua ya pili aliyoipelekea Mahakama. Zisome zote mbili siku moja, kisha uniandikie kama bado umemkasirikia.

Mama yako akupendaye.