Barza ya Mpimaji: Uwanja wa watoto umeshushiwa mchanga

Mwezi huu nina barua tatu. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu inanigusa mwenyewe, na huko mbele mtajua kwa nini. Wenye mbili zilizobaki waniwie radhi.

Barua ya kwanza

Assalamu alaykum Maalim. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Wilaya ya Magharibi B, hapa Unguja, jina la mtaa naomba usilitaje. Katikati ya nyumba zetu pana uwanja. Watoto wanacheza mpira, sikukuu wanakwenda hapo na nguo zao mpya, na mtaani pakitokea msiba ndipo tunapofunga turubali. Wiki iliyopita asubuhi imeingia gari imemwaga mchanga, na kabla ya adhuhuri pana vigingi vinne na kamba. Mwenye mchanga anasema karatasi anayo. Sheha katupeleka afisi moja, afisi hiyo ikatupeleka nyengine, na hiyo ya pili ikaturudisha kwa sheha. Vijana wanataka kung'oa vigingi usiku. Tufanye nini?

Jibu

Waalaykum salaam, mwanangu. Kwanza waambie vijana vigingi waviache. Kigingi kikishang'olewa, hapaulizwi tena mwenye mchanga kiwanja kakipata wapi. Mtaulizwa nyinyi nani kaharibu mali ya mtu, na watakaouliza watakuja na gari yao. Pigeni picha mchanga, vigingi na kamba, siku ya leo, na mtoto mmoja asimame kando ili ukubwa wa eneo uonekane.

Kisha nendeni mkaione ramani. Sisemi mkalalamike, hilo lina wakati wake. Nasema mkaione kwa macho, watu watatu wanatosha, na mmoja awe mzee aliyekuwepo mtaa ulipopimwa. Mtaa wenye viwanja vilivyopimwa una mchoro wake wa mgawanyo, na mchoro huo unawekwa na watu wa ardhi na mipango miji. Sheha hana. Sheha ni shahidi wa mtaa, anakujueni na anajua nani kahamia lini, lakini ardhi haitoi yeye. Chini ya sheria ya ardhi ya mwaka 1992, haki ya kutumia ardhi ya Serikali inatoka juu zaidi ya hapo. Kwa hivyo mwenye mchanga akikuonesheni barua ya sheha peke yake, mwambieni kwa adabu hiyo barua nzuri, sasa hati iko wapi.

Mkishakunjuliwa huo mchoro, tafuteni uwanja wenu. Zama zetu maeneo ya wazi tukiyapaka kijani na hatukuyapa nambari ya kiwanja, kwa sababu nambari ni ya mtu na kijani ni cha wote. Mkikuta kipande cha kijani kina nambari, na wino wa nambari hiyo si sawa na wa nambari za jirani, simameni hapo hapo. Ulizeni: matumizi yalibadilishwa lini, na barua ya kubadilisha matumizi iko wapi? Uwanja wa watoto haugeuki kuwa duka kwa sababu mtu kaleta mchanga. Lazima pawe na uamuzi wa mipango, na uamuzi una karatasi, tarehe na saini.

Na kama wanayo karatasi ya asili, ile ngumu inayopitisha mwanga tuliyochorea kwa wino, ombeni muinue dirishani. Hapa ndipo panaponigusa.

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa mchoraji kijana katika afisi moja, sitaitaja. Tulichora mtaa na katikati tukaacha uwanja, kiasi cha viwanja sita vya nyumba. Mchana mmoja mkubwa wangu akaja na jina la mtu kwenye kipande cha karatasi ya sigara. Akanambia, "Nifungulie kimoja pembeni, kidogo tu." Wino wa ramani haufutiki kwa raba, unakwanguliwa kwa wembe. Unaulaza wembe ubavu, unapitisha taratibu kama mtu anayenyoa kichwa cha mtoto mchanga, unga mweusi unatoka, unaupuliza. Kisha unaisugua karatasi kwa ukucha ili mstari mpya usitawanye wino. Nikakwangua mpaka wa uwanja, nikausogeza ndani. Dakika ishirini, pengine hazikufika.

Aliyekuja baada yake akafunguliwa upande wa pili, maana pembe ya kwanza ilikwisha liwa na uwanja umeshapoteza umbo. Mkono haukuwa wangu safari hiyo, lakini mlango niliufungua mimi. Leo pale pana nyumba tano na kichochoro, na watoto wanacheza mpira barabarani. Daladala ikija wanapiga ukelele, wanakimbilia ukutani. Mimi napita hapo kila Ijumaa.

Karatasi iliyokwanguliwa ikiinuliwa dhidi ya mwanga, palipopita wembe pana ukungu. Ukipitisha kidole panakwaruza. Hakuna mchoraji anayeweza kuificha hiyo, hata mimi sikuweza.

Sasa muende na hoja gani? Najua mtaandika kwamba watoto hawana pa kucheza. Andikeni, ni kweli. Lakini hoja ya watoto ishasikilizwa sana kwenye madawati hayo, na jibu lake liko tayari: watu wamekuwa wengi. Wala si uongo. Katika sensa ya 2012 Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678, na sensa ya 2022 ikakuta 893,169. Karibu laki tatu zaidi katika miaka kumi, na wote wanataka pa kulala.

Hoja itakayowafanya waweke kalamu chini ni maji. Muulizeni huyo mzee wenu: masika maji yanakaa wapi? Mara nyingi sana uwanja uliachwa wazi kwa sababu ni bonde, na mpangaji aliyepita hapo mwezi wa Aprili aliona. Mtu akimwaga kifusi akajenga, maji hayapotei, yanahama. Yanakwenda kwenye ukumbi wa nyumba ya chini yake. Nyote mnakumbuka ziwa la Mwanakwerekwe lilivyokuwa likikata njia kila mvua zikishuka, watu wamebeba viatu mkononi. Hata Mnazi Mmoja, uliokuwa mkono wa bahari kabla ya kujazwa, maji ya bamvua yakiwa makubwa bahari huja kudai chake. Basi tieni alama ukutani maji yalipofika masika iliyopita, pimeni kutoka sakafuni, pigeni picha, na mwandike nyumba ngapi zitaingia maji uwanja ukijazwa.

Barua iwe ukurasa mmoja. Pasiwe na neno la chama ndani yake, wala jina la mwanasiasa, hata yule mnayempenda. Wasaini wenye nyumba, na pembeni ya kila jina nambari ya nyumba. Nakala nne: Baraza la Manispaa, Kamisheni ya Ardhi, diwani wenu, na moja yenu iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Hii ya nne ndiyo yenye thamani. Afisi ikikurudisheni tena kwa sheha mtakuwa na tarehe ya kuonesha, na mambo yakifika Mahakama ya Ardhi, iliyowekwa kwa sheria ya 1994, mtaingia na karatasi mkononi, si na hadithi. Ombeni pia ujenzi usimame mpaka shauri liamuliwe. Nyumba ikishafika linta hakuna hakimu anayependa kuivunja.

Na mkishinda, msiende kulala. Karne iliyopita mji wetu wa Zanzibar ulichorewa mipango mikubwa minne: Waingereza wawili, Lanchester mwaka 1923 na Kendall 1958, kisha Wajerumani wa Mashariki 1968, na Wachina 1982. Kijani kwenye ramani hatukukosa. Tatizo liko kwenye neno. Sisi tunaandika "eneo la wazi", na mwenye mchanga anasoma "eneo tupu". Forodhani hakuna anayethubutu kutia kigingi, na sidhani ni kwa sababu ya ukarabati wa 2009 peke yake. Kila magharibi pana watu, urojo unachemka na vijana wanajirusha baharini. Basi na nyinyi tieni magoli ya chuma yaliyomwagiwa zege. Pandeni mikungu pembezoni, inakua haraka na kivuli chake kipana. Ombeni Manispaa taa moja. Na akina mama msiuache uwanja kwa wanaume peke yao, hata kama ni kuanika dagaa.

Nitumie picha ya huo mchoro ukiuona. Nambari zetu za zamani bado nazisoma.

Barua ya pili

Mzee Mpimaji, naandika kutoka Wilaya ya Wete, Pemba. Barabara inapanuliwa mbele ya shamba langu. Wamekuja vijana na rangi nyekundu, wametia alama ukuta wa jiko na mikarafuu kumi na moja. Mmoja ananambia ardhi yote ni ya Serikali kwa hivyo sina cha kulipwa. Ndivyo?

Jibu

Kijana kasema nusu, mzee mwenzangu. Ardhi ni ya Serikali, hilo lipo tangu Mapinduzi na sheria ya 1992 imelisema. Lakini ulichokipanda na ulichokijenga ni chako. Visiwani humu mti na ardhi vimekuwa na wenyewe mbalimbali tangu hatujazaliwa mimi na wewe. Watu wamerithi minazi iliyosimama kwenye shamba la mtu mwengine na hakuna aliyeshangaa.

Siku mthamini atakapokuja usimwachie shamba akahesabu peke yake. Tembea naye mti kwa mti. Mkarafuu mchanga na mkarafuu unaochumwa si bei moja: umeungoja miaka sita hadi minane kabla ya kupata pakacha la kwanza, na miaka hiyo ni jasho lako. Fomu iandikwe hapo hapo, kila mti na hali yake, na usitie kidole gumba kwenye safu iliyo tupu hata wakikwambia watajaza wakifika Chake Chake. Omba nakala. Na jiko usiliite banda, watakulipa la banda.

Kuna miti ambayo hakuna atakayeihesabu, ile ya kivuli iliyo kandokando ya njia, isiyo ya mtu. Hii inaniuma kuliko mikarafuu yako, nisamehe. Huku Unguja tuna Mwembetanga, Mwembeladu, Mwembe Makumbi, Miembeni, Mikunguni, Mkunazini, Mtendeni. Mitaa yote hiyo imebatizwa kwa miti, na mtoto wa leo ukimtuma akuoneshe huo mwembe atakupeleka kwenye kituo cha daladala. Miembe ya Bi Khole kule Bungi ilipandwa pande mbili za njia na binti wa Sayyid Said, karne ya kumi na tisa, ili wapitao wapate kivuli. Sisi wenye mashine tunasema kivuli kinazuia njia. Wakikuiteni kwenye mkutano wa barabara, baada ya fidia, uliza swali moja: miti mingapi itapandwa, na nani ataimwagilia kiangazi cha kwanza? Likiandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano, lina mwenyewe.

Barua ya tatu

Mie ni mkaazi wa Mji Mkongwe. Jirani yangu kanunua honda, pikipiki, na sasa anataka barza yetu ya mawe, ile ya kukalia nje ya mlango, ikatwe kwa sababu honda yake haipiti. Barza hiyo kaijenga babu yake mume wangu. Anasema ni njia ya watu wote na sisi tumeiziba.

Jibu

Bibi, barza haikatwi kwa maneno ya jirani, wala kwa yako. Mji Mkongwe una mamlaka yake ya hifadhi na uendelezaji tangu 1985, na tangu mwaka 2000 umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kukata barza, kutoboa dirisha, kuongeza ghorofa, yote yanataka kibali chao. Akianza kugonga patasi, nenda kwao siku hiyo hiyo.

Lakini kwa kuwa umenielekeza nyumba ilipo, Jumatatu nikitoka kununua kahawa nilipita na utepe wangu mfukoni. Kutoka ukingo wa barza yako mpaka ukuta wa mbele ni futi tano na inchi mbili. Usukani wa honda haufiki futi tatu. Inapita. Kisichopita ni honda na yeye juu yake, na kikapu cha mikate kila upande, kwa mwendo ule. Azime injini, asukume. Mpaka barabara kubwa ni hatua arubaini na tatu, nilizihesabu, na nina miaka sabini na moja.