Re: Tuigeuze gemu yetu iwe ya risasi?
Mdogo wangu, hiyo gemu yenu ya kutisha ya mvuvi aliyepotea ziwani usiku, kuigeuza iwe ya risasi ili muwapate vijana wa Call of Duty, ile gemu ya vita, msithubutu kabisa. Capcom, kampuni ya gemu ya Japani, walijaribu na gemu yao ya kutisha, Resident Evil 6, mwaka 2012, milipuko mwanzo mwisho, mashabiki wa zamani wakalalamika sana, mpaka 2017 kwenye Resident Evil 7 wakarudi kutisha watu, na wale wana hela bana! Nenda kibanda chochote cha gemu hapo Kirumba, dogo wa risasi ana gemu yake na washkaji zake wote wako humo, aje kwenu kufanya nini? Ila kwenye gemu yenu, pale karabai inapofifia halafu kitu kinagonga chini ya mtumbwi, aisee nilivua hedifoni. Ongezeni hapo. Bunduki kama ni lazima, mpeni huyo mvuvi risasi mbili tu.