Barua kwa mwanangu: utakula nini?

Mwanangu Rukia,

Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu, mara ya mwisho barazani, mama yako akichambua mchicha. Unauliza: ukisomea uzamili wa saikolojia ya majaribio, utakula nini? Na shangazi zako wameshatangaza kuwa unakwenda kuwa daktari wa vichaa.

Hilo la udaktari lifute mapema. Kutibu watu kuna masomo yake, na mazoezi ya kukaa na wagonjwa chini ya msimamizi. Wewe unakwenda kupima tu: muda, kumbukumbu, makosa. Ndiyo kazi aliyoifungulia maabara yule mwanasaikolojia Wundt kule Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879.

Idd iliyopita ulichukua kalamu za rangi za watoto, ukaandika NYEKUNDU kwa wino wa buluu, KIJANI kwa wino mwekundu, ukamtaka mama yako ataje rangi ya wino, aliache neno. Mwanamke anayepiga hesabu za vibaba kichwani akakwama neno la pili, akasema karatasi yako ina mkono wa mtu. Ukatuambia mwanasaikolojia Mmarekani, Stroop, aliliandika jambo hilo mwaka 1935. Wenzako walicheka. Mimi nilitazama mkono wako ulioshika saa ya simu, na jinsi ulivyorudia kwa maneno yenye rangi zake sahihi ili upate cha kulinganisha. Nikasema, huyu hachezi.

Sasa chakula. Unajua nilikamata mbu wa utafiti Muheza miaka kumi na moja. Mradi ulikwisha Ijumaa, Jumatatu tukakuta geti limefungwa. Waliojua takwimu walichukuliwa na mradi mwingine kabla mwezi haujaisha. Mimi niliyejua mbu tu nikarudi Ngamiani kuuza vipuri vya baiskeli. (Sijutii, ila mgongo unajuta.) Kwa hiyo takwimu na kuandika programu usivifanye masomo ya pembeni. Hivyo ndivyo vitakulisha: kwenye utafiti wa afya, kama ile taasisi ya utafiti ya Ifakara iliyofungua kituo Bagamoyo, au kwenye kampuni za simu zinazotaka kujua kwa nini mzee kama mimi anabonyeza pasipo anapotuma pesa.

Uhadhiri ni mlango mwembamba, nao unadai uzamivu. Uingereza ni miaka mitatu au minne, Marekani mitano na kuendelea, ingawa huko vyuo vingi hulipa ada na posho ukisaidia kufundisha au kutafiti. Uzamili ndio mara nyingi unaotoka mfukoni.

Ulinisimulia kwa huzuni kwamba mwaka 2015 watafiti walirudia majaribio 100 ya saikolojia, na yaliyotoa jibu lile lile yakazidi kidogo tu theluthi moja. Mimi niliona kazi imejaa hapo. Tena wanaopimwa wengi ni wanafunzi wa Ulaya na Marekani. Bibi yako Mdigo nani amempima?

Kabla hujajaza fomu, waulize walimu wa hapo: waliomaliza miaka miwili iliyopita wako wapi leo? Wakianza kukohoa, tafuta chuo kingine.

Nusu ya ada ya mwaka wa kwanza ninayo. Ile nusu nyingine tuzungumze ukija. Mama yako anasema usisahau kalamu zile, anadai safari hii hakwami.

Baba yako
Tanga