Daktari wa Mifugo Anajibu: Ana hereni sikioni, mbona mapele yamemtoka?

SWALI: Shikamoo daktari. Nafuga ng'ombe watatu bandani hapa Kiwira, Rungwe. Kampeni ya serikali ilipopita walichanjwa wote, wakavishwa hereni. Sasa yule ninayemkamua ametokwa na uvimbe mgumu shingoni hadi kwenye kiwele, ana homa, na maziwa yameshuka kutoka lita kumi na mbili hadi tatu. Dukani wamenipa OTC, ile antibiotiki ya sindano, nimemchoma, mapele yako palepale. Je, ile chanjo ilikuwa feki? Na maziwa tunywe? – Mama mfugaji, Kiwira

JIBU: Marahaba mama, na pole sana. Lita tisa zikikatika kwa siku, najua ada ya watoto inavyoyumba.

Kwa ulivyoeleza, nahisi ni mapele ngozi, ila afisa mifugo wa kata aje amwone leo au kesho. Akihitaji kupima sampuli, Wakala wa Maabara ya Veterinari una kituo Iringa.

Chanjo haikuwa feki. Kampeni ile iliyozinduliwa Bariadi Juni 2025 iliwakinga ng'ombe dhidi ya homa ya mapafu. Homa ya mapafu inaletwa na bakteria. Mapele ngozi yanaletwa na virusi vya jamii ya ndui. Aliyechanjwa ugonjwa mmoja anabaki wazi kwa mwingine. Hereni nayo ni ya utambuzi, haisemi mnyama amekingwa na nini. Ndiyo maana nawasihi wafugaji: anayekuja na sindano, mwombe chupa kwanza. Soma jina la chanjo, andika kwenye daftari pamoja na tarehe. Ni haki yako, ng'ombe ni wako.

Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1929 nchini Zambia, majirani zetu wa ng'ambo ya Tunduma. Unasambazwa na nzi wanaouma, mbu na kupe, kwa hiyo kufuga bandani peke yake hakumkingi mnyama. Chanjo yake ni virusi hai vilivyodhoofishwa, hutolewa mara moja kwa mwaka, na kwa Rungwe mimi hushauri Septemba, kabla mvua hazijaleta wadudu. Kinga huchukua kama wiki tatu kukamilika. Pale paliposindanwa panaweza kuvimba na maziwa kupungua kwa siku chache, hilo lisikutishe. Linalonitisha mimi ni chanjo iliyosafirishwa mfukoni juu ya bodaboda, jua la saa saba likiwaka. Hiyo imekwisha kufa, ikatae. Itoke kwenye boksi lenye barafu, ikishachanganywa iishe ndani ya saa chache, na kila ng'ombe apate sindano yake safi, maana sindano moja inaweza kubeba ugonjwa kutoka kwa huyu hadi kwa yule.

OTC haiui virusi. Inasaidia pale bakteria wanapoingia kwenye vidonda au mapafuni, na hilo aliamue mtaalamu. Mtenge ng'ombe wako, mpe maji ya kutosha na majani laini, safisha vidonda kila siku, nyunyizia banda dawa ya kuua nzi na kupe. Usimuuze wala usimpeleke mnadani. Wale wawili wapimwe joto. Wasio na homa wachanjwe haraka, ingawa kama mmoja ameshaambukizwa, chanjo haitamwokoa.

Maziwa? Mapele ngozi hayaambukizi binadamu. Lakini umeshamchoma dawa, kwa hiyo mwaga maziwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya OTC ziishe. Najua inauma. Hata ndama usimpe.

SWALI: Nilichanja ng'ombe wangu dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo. Miezi minane baadaye wanadondosha mate na kuchechemea. Nirudie chanjo ileile? – Mfugaji, Mbarali

JIBU: Virusi vya ugonjwa huu vina aina saba, na hapa Tanzania zinazosumbua ni O, A, SAT 1 na SAT 2. Kinga ya aina moja haizuii nyingine, kwa hiyo muulize muuzaji chanjo yake ina aina zipi. Pia imetengenezwa kwa virusi vilivyouawa, kinga yake ni fupi: mnyama anayeanza hupewa dozi mbili zikipishana kwa mwezi mmoja hivi, kisha kila baada ya miezi sita. Miezi minane ulikuwa umechelewa. Huko Usangu makundi yanakutana mtoni, na nyati wa Ruaha nao wanaweza kubeba aina za SAT bila kuugua, hivyo ratiba isiruke. Wanaoumwa sasa usiwachanje; wazuie wasichangamane na ng'ombe wa jirani, na mjulishe afisa mifugo.

SWALI: Baba yangu anasisitiza nichanje ng'ombe sotoka. Hiyo chanjo inapatikana wapi? – Msomaji, Makete

JIBU: Mwambie mzee kwamba sotoka ya ng'ombe imekwisha duniani. Ilitangazwa mwaka 2011, ugonjwa wa kwanza wa wanyama kutokomezwa kabisa. Chanjo iliyofanya kazi hiyo ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake huko Muguga, Kenya, na dozi moja ilimkinga ng'ombe maisha yake yote. Siku hizi ng'ombe hawachanjwi tena. Sotoka ya mbuzi na kondoo ina virusi vyake vingine na bado ipo. Kama una mbuzi, hao ndio wa kuchanja.