Maswali na majibu: Stima ilibaki, mbona bili haikushuka?

Swali (fundi wa kuchomelea vyuma, Kondele): Mwaka 2020 korona ilipoingia tulifunga karakana na hoteli zikafungwa. Kama stima ilibaki, mbona bei haikushuka?

Fundi, stima si nyanya za Kibuye, zikijaa sokoni bei inaporomoka. Kenya Power hununua umeme kwa mikataba ya miaka mingi, na sehemu ya malipo ni ya mtambo kuwa tayari tu, uwake usiwake. Ni kama kukodi matatu siku nzima: ukipata abiria watatu, mwenye gari bado anataka hela yake yote. Kafyu ya Machi 2020 ilipoanza abiria walipungua, deni likabaki palepale. Ndipo watu wakaanza kuisoma ile mikataba kwa hasira. Jopo lililoundwa 2021 lilipendekeza yuniti ishuke kutoka wastani wa shilingi 24 hadi 16. Januari 2022 tukapewa punguzo la asilimia 15, na 2023 bei ikapanda tena. Tulionjeshwa tu.

Swali (Naivasha): Je, korona ilisaidia nishati safi?

Kidogo sana. Hata kabla yake umeme wetu mwingi ulitoka kwa mvuke wa ardhini, maji na upepo. Isitoshe, jirani yako Olkaria, penye mitambo ya umeme wa mvuke, hapendi matumizi yakishuka. Kisima cha mvuke hakina swichi kama balbu. Usiku watu wakilala, mvuke mwingine huachiwa upotee hewani. Ni safi, ndiyo, lakini umemwagwa.

Swali (mama wa duka, Mbale, Vihiga): Nilipotaka sola wakati ule nikaambiwa bei imepanda. Ni korona?

Mama, mizigo ya China ilichelewa, hilo kweli. Lakini Sheria ya Fedha ya 2020 nayo iliondoa msamaha wa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kwa vifaa vya sola, ukarudishwa 2021. Kumtoza kodi mtu anayetafuta taa, kazi zikiwa zimesimama! Sikuelewa wakati ule, sielewi hadi leo.

Swali (Njoro): Kila nyumba ilifaa kuwa na stima kufikia 2022. Korona ndiyo iliyotuangusha?

Ilichangia, ila isisingiziwe yote. Tazama mradi wa Menengai, hapo juu ya mji wa Nakuru: visima vya mvuke vilianza kuchimbwa 2011, na mtambo wa kwanza, wa megawati 35, ukaanza kutoa umeme 2023. Korona ilikuja njiani, ikakuta tumeshachelewa.