Maswali ya Wasomaji: Mpiganaji Kijana Hupevuka Lini?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaandika riwaya kuhusu kijana wa miaka 19 aliyejiunga na jeshi kwa hiari yake, akiamini kwamba anakwenda kuwakomboa wanyonge. Nimempitisha katika mapigano matatu, na katika yote amepigana kishujaa, ameua, amejeruhiwa na amefiwa na rafiki yake. Hata hivyo, kila aliyeusoma mswada ananiambia kwamba kijana huyu anafika mwisho wa kitabu akiwa yule yule wa mwanzo, ila ana kovu. Nimekosea wapi? (Mwandishi chipukizi)

JIBU: Ndugu yetu, wasomaji wako wamekutendea wema. Kuua, kujeruhiwa na kufiwa ni mambo yanayompata kijana wako, nawe umeyarundika ukitumaini kwamba yakizidi yatamkomaza. Mtu hapevuki kwa wingi wa yaliyompata. Hupevuka pale anapolazimika kuchagua huku akijua kwamba lolote atakalolichagua litamgharimu, na katika muhtasari wa sura zako sikuona mahali hata pamoja ambapo kijana huyu amechagua jambo tangu siku alipojiandikisha.

Tuanze na pigano la kwanza. Umeandika kwamba wakati wa shambulio aliwakumbuka wanyonge na moyo wake ukajaa nguvu. Sidhani kwamba ingekuwa hivyo. Askari wengi waliosimulia mapigano wameeleza kwamba katika hofu kali masikio huacha kusikia hata milio iliyo karibu, macho hung'ang'ania kitu kimoja, vidole hushindwa kazi ndogo kama kufunga kishikizo, na baadaye mtu hawezi kupanga sawasawa ni lipi lililotangulia na ni lipi lililofuata. Kwa hiyo, kinachomshtua kijana mwenye itikadi si kwamba imani yake imethibitishwa kuwa uongo, bali ni kugundua, mapigano yakiisha na mwili ukianza kutetemeka, kwamba muda wote ule imani hiyo haikumjia akilini hata mara moja.

Sasa, kama si imani, ni nini kilichomzuia asikimbie? Mwaka 1948 wanasosholojia Edward Shils na Morris Janowitz walichapisha utafiti kuhusu wanajeshi wa Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, wakaonyesha kwamba kilichowafanya wengi waendelee kupigana kilikuwa zaidi uaminifu kwa wenzao wachache wa kikosi kimoja kuliko itikadi ya kisiasa. Jambo hili lina faida kubwa kwako, kwa sababu linampa kijana wako deni la pili. Alitoka kwao akiwa na deni kwa wanyonge asiowajua. Sasa anadaiwa pia na watu wanaolala ubavuni mwake, ambao pengine wamemwokoa zaidi ya mara moja. Kazi yako ni kuyagonganisha madeni hayo mawili.

Kifo cha rafiki, ambacho umekitumia kumliza tu, ndicho kingefaa kuwa mlango wa jambo hilo. Chukulia kwamba siku ya pili yake kikosi kinakamata mateka wawili, na wenzake, wakiwa na uchungu ule ule alio nao yeye, wanataka kuwaua. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inakataza jambo hilo waziwazi, na yeye hahitaji kuisoma ili ajue kwamba wanyonge aliokuja kuwatetea ni watu kama hawa waliofungwa mikono. Akiwazuia wenzake, amewasaliti watu wanaomlinda. Akinyamaza, amekisaliti kilichomtoa nyumbani. Tafadhali usimlete ofisa wa kukomesha jambo hilo dakika ya mwisho, wala yule askari mzee mwenye busara anayetoa wosia kisha anakufa, ambaye kwa kweli nimemchoka katika riwaya za vita.

Ukiamua kwamba atanyamaza, usidhani umempoteza shujaa wako. Jonathan Shay, daktari wa magonjwa ya akili aliyewatibu wanajeshi wa Marekani waliopigana Vietnam, aliandika mwaka 1994 kuhusu askari ambao hawakuumizwa na hofu peke yake, bali pia na hisia kwamba lililo haki lilikuwa limevunjwa na waliokuwa na mamlaka juu yao. Kijana aliyenyamaza anaweza kuibeba hisia ya namna hiyo hadi ukurasa wa mwisho, nasi tutamfuata.

Kuna mtego mwingine ulio upande wa pili, nao ni kumgeuza awe mtu asiyeamini lolote, kana kwamba kupevuka ni kukata tamaa. Mshairi Mwingereza Wilfred Owen alipelekwa hospitali mwaka 1917 akiwa ameathirika akili kutokana na mapigano, akaandika mashairi makali dhidi ya vita, kisha mwaka 1918 akarudi mstari wa mbele, ambako aliuawa tarehe 4 Novemba, wiki moja kabla ya silaha kuwekwa chini. Hakurudi kwa sababu alikuwa ameanza tena kuzipenda hotuba za kizalendo. Alitaka kuwa pamoja na askari wake na kuyasema mateso yao. Imani ya kuazima ilikuwa imekwisha, na aliyokuwa nayo sasa ilikuwa yake mwenyewe.

Kwa hiyo, lifupishe pigano la kwanza, lifute la tatu, na kurasa utakazozipata uzitumie kwa wale mateka.

SWALI: Je, mtu ambaye hajawahi kuiona vita ana haki ya kuandika habari zake? (Msomaji)

JIBU: Anayo. Mmarekani Stephen Crane alizaliwa mwaka 1871, miaka sita baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kumalizika, naye alichapisha mwaka 1895 riwaya mashuhuri ya askari kijana katika vita hivyo kabla hajaona pigano lolote. Ukipata nafasi ya kuzungumza na askari wa zamani, usimuulize ameua wangapi. Muulize mzigo wake ulikuwa na uzito gani, alisubiri muda gani kabla ya amri kutolewa, na ni nani aliyekuwa kando yake.